Paka wa Amana

Mkasi wa mke wangu hauguswi. Ni mkasi wa kushonea, mpini mweusi, mzito kama nanga ya ngalawa, na sheria yake inajulikana hata na wageni: haukati karatasi, haukati kucha, haukati pakiti ya maziwa. Hukata kitambaa, basi. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoutoa kwenye droo ya cherehani nikaenda nao bafuni kwa kunyata, nilijua navunja sheria ya nyumba. Kwamba nilikuwa njiani kuharibu na amana ya watu, hilo halikunijia.

Paka si wetu. Ni wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayekaa Maskati. Miaka mitatu nyuma walikuja likizo, dada na mumewe na watoto wawili na masanduku saba, na ndani ya kikapu cha plastiki chenye kidirisha cha waya akiwemo Sultani: paka wa Kiajemi, rangi ya chai ya maziwa, macho ya duara kama sumuni, pua imebonyea kana kwamba alikuja mbio akapiga mlango. Siku ya kurudi ikaonekana karatasi zake za safari hazijakamilika. Akaachwa kwetu, Michenzani, ghorofa ya nne, "kwa miezi miwili tu." Mpwa wangu, wakati huo na miaka tisa, alilia uwanja wa ndege mpaka mwanamke wa kupima mizigo naye akapangusa macho. Nikamshika bega. "Mjomba nipo," nikamwambia. "Utamkuta kama ulivyomwacha."

Maneno ya uwanja wa ndege yasingekuwa yanakumbukwa, tungeishi raha.

Miezi miwili ikazaa miaka mitatu. Kila Ijumaa baada ya Alasiri simu hulia, mtoto anataka kumwona paka wake kwa video. Mwaka wa kwanza tulimwonyesha mzima mzima. Mwaka wa pili nikawa mpiga picha mwenye hadhari: uso tu, kwa sababu uso alikuwa akijipangusa mwenyewe kwa mkono na ukang'aa. Mwaka wa tatu Sultani alianza kutokea amefunikwa kanga hadi shingoni kama mwari, na mimi nikisema, "Leo anasikia baridi kidogo." Unguja hiyo, Februari, kaskazi linavuma, ukuta wenyewe unatoka jasho.

Chini ya kanga mambo yalikuwa mengine. Paka wetu hawa wa Darajani, wanaosubiri vichwa vya samaki, manyoya hayawasumbui. Ni mafupi na ulimi wao unayamaliza. Ulimi wa paka una vimiba vidogo vilivyopinda kurudi nyuma, ndiyo maana akikulamba unahisi msasa, na hivyo ndivyo vinavyokokota manyoya yaliyokufa. Lakini Mwajemi ana manyoya ya tabaka mbili: ya juu marefu, ya chini mororo kama sufi. Na Sultani kwetu alinenepa. Alipewa vichwa vya changu asubuhi na jioni, kiuno kikakataa kupinda, na pale ulimi usipofika manyoya yaliyokufa hayakuanguka. Yalikaa, yakashikana na yaliyo hai, yakaingia vumbi na mafuta ya ngozi, likawa fundo. Na fundo likaita fundo. Nyuma ya masikio, makwapani, tumboni, na kule nyuma ya mapaja ambako sitaki kueleza sana. La kwapa la kushoto lilikuwa bapa na gumu kama kisigino cha kandambili kuukuu. Ukiligusa anageuza shingo, anakutazama, hasemi kitu.

Kisha Jumatano moja dada akapiga simu isiyo ya Ijumaa. Wanakuja. Baada ya wiki mbili na nusu, wafunge Ramadhani kwetu. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mpwa wangu akiliita jina la paka kwa furaha.

Usiku ule kikakaa kikao. Mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bi Mkubwa, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani na tasbihi mkononi. Kwake paka ana heshima ya dini. Atakukumbusha kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, lakabu yake yenyewe imetokana na kipaka. "Paka wa nyumba haingwa," akasema, "wala hanyolewi. Mchaneni." Mke wangu akasema aogeshwe kwanza, maana nguo chafu haishonwi. Kijana wangu wa kidato cha tatu, simu mkononi, akasema Marekani kuna watu kazi yao ni hiyo tu: wanamnyoa paka mwili mzima, wanamwachia kichwa na ncha ya mkia, anatoka kama simba. Halafu, bila kuulizwa, akatusomea kwamba paka hawa wa manyoya marefu walifikishwa Italia miaka ya 1620 na msafiri mmoja, Pietro della Valle, aliyewaona Khorasan.

"Angewaacha hukohuko kwenye baridi yao," Bi Mkubwa akasema, na tasbihi ikaendelea.

Katika maneno yake yote ya usiku ule sisi tulishika "hanyolewi" tu. Tukaona mama anakataa. Neno lililofuata hapo hakuna aliyelisikia.

Tukaanza na shauri la mke wangu. Beseni la kufulia, maji ya uvuguvugu, shampuu ya mtoto. Mimi kwa kujitia ujuzi nikaongeza chupa ya ile dawa ya kuua vijidudu ambayo ukiitia majini maji huwa meupe kama tui, ambayo sote tunaogea tukipata vipele. Kifuniko nilikwisha kukifungua. Kijana akasema, "Baba, ngoja," akanigeuzia simu nisome. Ini la paka halivunjivunji dawa za jamii ile kama la mtu. Unamwosha nayo, yeye anajilamba ili akauke, na hapo anakuwa amejinywesha sumu mwenyewe. Nikarudisha kifuniko. Ndilo jambo pekee nililolipatia wiki ile, na hata hilo halikuwa langu.

Paka mkavu na paka aliyelowa ni wanyama wawili mbalimbali. Yule mkavu ana kilo sita na adabu zake. Yule aliyelowa ana mikono minane. Alitoka beseni, akaparamia pazia la bafu, pazia likashuka pamoja naye, akapita ukumbini amelivaa, akakatiza mbele ya Bi Mkubwa aliyekwisha kupiga takbira ya Adhuhuri, akaacha nyayo nne za maji juu ya msala, akaishia uvunguni mwa kabati la vyombo. Bi Mkubwa hakuikata sala. Lakini nilimwona alivyotoa salamu, upande wa kulia kwa malaika, upande wa kushoto kwangu. Na majumba haya ya Michenzani ni marefu kama treni na yana masikio. Mlio wa Sultani ulifika jengo la mbele. Jirani wa mlango wa pili alibisha hodi kuuliza kama tunachinja.

Jioni alikauka. Tukambembeleza kwa kichwa cha changu, akatoka, tukampapasa, tukatazamana. Mafundo yalikuwa yamekaza. Mtu wa pwani alitakiwa kulijua hili bila kufundishwa: kamba ya usumba ikilowa haitoki fundo. Yale ya makwapani yalikuwa yameshikana na majirani zao, na tumbo zima limekuwa kipande kimoja, kama kumbi la nazi.

Hapo ndipo likaja shauri la jirani, na jirani mwenyewe alikuwa bado hajaondoka. "Mwalimu, unajihangaisha bure. Kinyozi yupo chini." Kweli yupo: kibanda chenye vioo viwili, picha za mitindo ukutani, na mashine inayonguruma tangu saa mbili asubuhi. Nikamteremsha Sultani ndani ya kikapu chake. Kinyozi ni kijana mkarimu, hajawahi kunikatalia jambo. Akapangusa kiti, akatandika gazeti, akawasha mashine.

Sijui paka aliisikiaje sauti ile. Mimi niliona masikio yamelala, mboni zimekuwa nyeusi tupu, na mdomo umefunguka, anatweta kama mbwa. Kutoka baraza ya kahawa iliyo hatua tano kutoka pale, mtu akapiga kelele: "Zima! Zima hiyo!" Alikuwa mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu, ambaye kwa miaka mingi nilimjua kwa ugumu wake wa kulipa madeni ya dhumna. Alikuja na kikombe mkononi. Paka akihema kwa mdomo wazi, alisema, amefika mwisho wake; na huyu mwenye pua bapa hewa yenyewe anaipata kwa shida hata akiwa amelala. Mwacheni apoe. Kisha akamgeukia kinyozi, akamuuliza kwa upole kabisa, "Na hiyo mashine, kesho asubuhi utamnyolea nani?"

Kinyozi akaitazama mashine.

"Paka anaweza kuwa na choa usikione," mzee akaendelea, na sauti ya bwana mifugo haijui kunong'ona, imezoea kuita ng'ombe. "Choa hicho hicho kikimwingia mtoto kichwani, mnakiita mapunye."

Kwenye benchi alikuwepo baba na mwanawe wakisubiri zamu. Yule baba akamshika mwanawe mkono, wakaondoka bila kuaga. Aliyekuwa kwenye kiti cha pili, nusu kichwa kimenyolewa, akaomba kuiona mashine iliyokuwa ikimnyoa. Kinyozi hakunifukuza. Aliniambia tu, "Mwalimu, tafadhali," na katika tafadhali ile kulikuwa na mambo mengi.

Sasa mnaelewa kwa nini asubuhi iliyofuata nilikuwa nanyata.

Nafundisha zamu ya mchana. Mke wangu alikuwa kazini, kijana shuleni, Bi Mkubwa amekwenda hitimani Kikwajuni. Nyumba kimya. Nikamviringisha Sultani kwenye taulo, kichwa nje na mkono wa kushoto nje, kama mtoto anayekwenda kuchanjwa. Alikubali, nadhani alikuwa amechoka nasi. Nikalishika fundo la kwapa kwa vidole viwili, nikalivuta juu ili nione vizuri liliposhikia. Chini yake nikaona utepe wa rangi ya waridi iliyopauka. Nikasema moyoni, hayo ndiyo manyoya ya ndani, hapa ndipo pa kukata. Nikapitisha mkasi, nikabana.

Mkasi ulionolewa vizuri hautoi sauti. Ulipita kama unapita kwenye hariri.

Sultani hakulia. Afadhali angelia. Fundo lilibaki mkononi mwangu, na kwapani pake pakabaki kidirisha cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hakina damu nyingi, kingo zake safi kama za shingo ya kanzu kabla haijatiwa tarizi. Na ndani ya kidirisha kitu chekundu kinachong'aa, kinacheza kila akivuta pumzi. Utepe ule haukuwa manyoya. Ngozi ya paka ni nyembamba sana, nayo haikugandamana na nyama kama yetu; inateleza juu ya mwili kama nguo pana. Ukilivuta fundo, ngozi inapanda nalo, inasimama kama hema. Wewe mwenye mkasi unadhani umekata fundo, kumbe umekata kilele cha hema.

Miguu iliniisha nguvu. Nilishuka ngazi zote nne na kifurushi cha taulo kifuani, kandambili moja ya kwangu, nyingine ya mke wangu.

Barazani bwana mifugo alifunua taulo, akatazama, akafunika.

"Umekatia nini, mwalimu?"

"Mkasi."

"Mkasi gani?"

"Wa cherehani."

Wazee wa kahawa wakanyamaza. Hata wao walikuwa wanaujua mkasi ule.

Mmoja wao, kwa huruma, akatoa mfukoni mwa shati kidonge cha kichwa, parasetamoli, akasema apewe nusu angalau maumivu yapungue. Bwana mifugo akaudaka mkono wake hewani. Kidonge kimoja cha hiyo kinatosha kumuua paka, alisema. Damu yake inageuka, inakuwa haibebi tena hewa. Mzee akakirudisha kidonge mfukoni taratibu, kama mtu aliyegundua kuwa ameshika risasi.

Tulikwenda kwa daktari wa wanyama, mzee akiwa mbele kwenye bajaji na mimi nyuma na kikapu. Daktari alikuwa binti mdogo, buibui chini ya koti jeupe. Meza yake ni ya chuma, na Sultani aliposimamishwa juu yake niliona jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka mitatu ya kukaa naye nyumba moja: kila alipohamisha mguu aliacha alama ya unyevu, duara dogo na vidole vinne, kama muhuri. "Jasho hilo," bwana mifugo akaninong'oneza, au alidhani ananong'ona. "Jasho lake ni la nyayoni tu. Anaogopa." Nilizitazama zile alama zikikauka moja moja juu ya chuma.

Alichomwa sindano ya usingizi mwepesi. Nyuzi tatu. Daktari hakunigombeza. Aliniita nisogee, nitazame anavyofanya na mafundo mengine kabla paka hajaamka, na nimeona walimu wengi katika maisha yangu lakini wachache wa namna ile. Alichukua chanuo la chuma, akalipenyeza chini ya fundo, likalala juu ya ngozi: hilo ndilo ukuta, akasema, kati ya ngozi na kila kitu kinachokata. Mkono mwingine ukaivuta ngozi ikanyooka, isibaki na kunjo. Kisha mashine, ndogo, yenye meno yaliyobanana, inayonguruma kwa sauti ya nyuki wa mbali, akailaza bapa juu ya chanuo, ikifuata manyoya yanakoelekea. Kila baada ya dakika moja au mbili alikuwa akiigusisha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, upande wa ndani. Sikuelewa, akaniambia nijaribu: chuma kilikuwa kimeshapata moto. Paka ataungua na wewe hujui, alisema, kwa sababu kilio chake utadhani ni cha ubishi. Tumboni alikwenda kwa ncha za vidole, akizunguka vitu fulani vidogo. Nikauliza kama ni vipele. "Chuchu, mwalimu," akasema. "Hata dume anazo." Bwana mifugo akatazama dari.

Alitoa ya makwapani, ya tumboni na ya nyuma, akazima mashine. Nikasema si amalizie mwili mzima maadamu amelala, apate upepo, joto hili. Akakataa katakata. Paka mwenye pua bapa halazwi kwa dawa muda mrefu kwa ajili ya urembo. Na manyoya si adui wa joto kama tunavyodhani: yakichanuka hupitisha hewa na kulizuia jua lisimpige ngozini, yakisokotana ndiyo humfanya kama aliyevaa zulia. Ukimnyoa mpaka ngozi utakaa miezi kadhaa ukimtazama yuko uchi. "Yaliyobaki yanachanika," alisema. "Mna siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Dakika tano kila siku. Msiongeze."

Nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha kuufikia ule mkasi. Aliukuta bafuni, na unyoya mmoja wa rangi ya chai ya maziwa kwenye makali. Sitaeleza jioni ile. Niseme tu kwamba mkasi ulipelekwa kunolewa upya kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sijui unakaa wapi.

Usiku, baada ya Isha, Bi Mkubwa aliniita. "Lete paka, na chanuo langu." Lile chanuo la mti, la meno mapana, alilochania nywele za dada zangu wote. Alikwisha kumlisha; ana mahesabu yake, paka aliyeshiba hapigani. Akakaa chini kwenye mkeka, akatandika kanga miguuni, akamlaza Sultani ubavu usio na nyuzi. Hakumbana wala hakumfunga taulo. Akaanza kuvuta uradi wake kwa sauti ya chini, ile ile ya kila usiku, na paka naye akaanza kunguruma kooni, wakawa kama watu wawili wanaosoma pamoja.

Nilikaa karibu kutazama. Fundo la nyuma ya sikio alilishika kwa mkono wa kushoto pale mzizini, akalibana kati ya vidole viwili karibu na ngozi, ili chanuo likivuta, livute vidole vyake na si paka. Kisha akaanzia nchani. Si mzizini, nchani. Akachana nusu ya ukucha, akapanda, akachana, akapanda. Fundo kubwa alilipasua kwa vidole kwa urefu wake, kama anavyopasua ukindu wa kusuka, likawa mafundo mawili madogo, na kila moja akalirudia kwa chanuo. Nilikumbuka dada yangu, huyu huyu wa Maskati, akiwa na miaka sita kati ya magoti yale yale, akilia kabla hata hajaguswa, na mama akimwambia nimekushika mzizi, huwezi kuumia.

"Mama," nikasema, "kumbe unajua."

"Niliwaambia mchaneni."

Baada ya muda kidogo ncha ya mkia ikaanza kupiga mkeka. Mara moja, mara mbili. Bi Mkubwa akainua mikono yote miwili. "Mkia umesema," akasema, na Sultani akaondoka zake, bila haraka, akaenda kujilaza sakafuni. Nikaitazama saa ya ukutani: dakika tano hazijatimia.

Ikawa ndiyo desturi ya kila usiku. Mimi nikapewa kazi ya kushika taa umeme ukikatika. Siku ya sita nikaona nami nichangie elimu. Nilikuwa nimesikia kwa daktari kwamba konflawa ikinyunyizwa kidogo kwenye fundo hulitelezesha likafunguka kwa wepesi. Jikoni konflawa hakukuwa na hata kijiko. Nikaisoma pakiti ya kastadi: unga wa mahindi uleule, rangi, harufu. Nikaona hakuna tofauti. Na kweli fundo lilifunguka. Lakini kwa siku tatu tulikuwa na paka mwenye kola ya njano anayenukia vanila, na kijana wangu kila akipita alikuwa akiuliza kama Sultani anatiwa na matunda.

Ijumaa mbili za simu zilipita hapo katikati. Ya kwanza nilisema mtandao mbaya. Ya pili nilizifunika zile nyuzi kwa mkono.

Walifika usiku, masanduku tisa safari hii. Mpwa wangu amerefuka, mtandio kichwani, ana miaka kumi na miwili na aibu ya umri huo. Alinisalimu shikamoo mjomba, akambusu bibi yake mkono, na macho yake wakati wote yanatafuta sakafuni. Sultani alikuwa juu ya kochi. Mgongo umechanuka, mkia kama fagio jipya, kifua kimejaa. Kwa mbali alikuwa paka wa picha. Mtoto akapiga magoti, akamwita kwa sauti ndogo, na yule mnyama, ambaye mimi nilimlisha miaka mitatu bila kuwahi kuinukiwa, akainuka, akanyoosha mgongo, akamwendea, akampiga kichwa kidevuni.

Kisha akambeba. Mtu akimbeba paka wake humshika makwapani. Mikono ya mbele ikapanda, tumbo likaonekana, limenyolewa, waridi, kama la mtoto wa panya. Na pale kushoto mstari wenye alama tatu.

"Mjomba."

"Naam."

"Hapa alipatwa na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hadithi nzuri yenye msumari wa kabati ndani yake. Bi Mkubwa alinitangulia, hakuinua hata macho kutoka kwenye tasbihi.

"Mjomba wako alikuwa anamkatia kanzu."

Mtoto alinitazama. Dada yangu alinitazama. Mke wangu akaenda jikoni kutazama chai ambayo haikuwa motoni. Mpwa wangu akakipitisha kidole juu ya kovu, polepole, mara mbili, akaona paka hajali, akamrudisha kochini. Halafu, nadhani kwa kunionea huruma, akavuta boksi moja katikati ya ukumbi, lililozungushiwa utepe wa gundi pande zote, akasema zawadi ya mjomba iko humu.

"Mkasi uko wapi?" akauliza.

Ukumbi ukanyamaza. Kijana wangu akaangalia simu iliyozimika. Tasbihi ikasimama. Kwenye kochi Sultani akafumbua jicho moja, akashuka, akaingia uvunguni mwa kabati la vyombo.

Nililifungua boksi kwa ufunguo wa mlango. Juu kabisa, kabla ya makopo ya halua na marashi ya mke wangu, lilikuwepo chanuo la chuma, meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, bado limo kwenye plastiki yake.

"Nilitaka kukuletea tangu mwaka ule wa kwanza," mpwa wangu akasema. "Lakini kwenye video nikawa namwona yuko vizuri tu."